Mpaka Nilione Jina

Watu wa mtaa wetu wa Wabera husema Hawo ana hasira, na mimi sibishi. Hasira ninayo. Lakini waongeze na hili: hasira yangu haijawahi kujileta yenyewe. Kila mara yupo mtu aliyeichochea, kisha akakaa kando akishangaa moshi unatoka wapi. Mwaka wa themanini na saba mtu huyo alikuwa hedimasta Mungania, na kilichonikasirisha kilikuwa jina la binti yangu, Bisharo.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha chai karibu na soko la mifugo, birika la pili liko motoni, nikamwona Bisharo anakuja na mkoba wake wa vitabu. Mtoto wa darasa la nane, saa nne, siku ya shule. Nikadhani anaumwa. Alipokaribia nikaona macho yamevimba, nikajua hiki si kichwa wala tumbo.

"Nimefukuzwa," akasema. "Hedimasta anasema nimeharibu mashine. Anasema jina langu haliendi kwa mtihani."

Niliweka kikombe chini polepole, maana ningekiweka kwa haraka kingevunjika.

Majina ya watoto wa kufanya mtihani wa darasa la nane yalikuwa yaondoke shuleni Alhamisi saa sita mchana, yapelekwe ofisi ya elimu. Jina lisipokuwemo kwenye karatasi ile, mtoto anangoja mwaka mzima. Na mtoto wa kike akiambiwa angoje nyumbani, Isiolo hii naijua, mwaka mmoja huzaa mitatu, na mitatu ikiisha hakuna anayekumbuka alikuwa anangoja nini. Mimi mwenyewe niliambiwa ningoje mwaka mmoja ndipo niingie darasa la kwanza, Garbatulla, nikiwa sijaota hata meno mapya ya mbele. Bado nangoja.

Nikamwambia Bisharo akae, anieleze bila kulia. Akaeleza.

Mwanzo wa mwaka shule ililetewa kompyuta na wageni kutoka Ulaya. Moja tu, inaunganishwa na televisheni ndogo, inakaa ofisini kwa hedimasta chini ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Aliyeijua ni mwalimu mmoja kijana, Kiugu, aliyetoka kusoma Nairobi. Kila Ijumaa aliwafundisha watoto kuiandikia amri. Sasa Jumatatu ile wageni walirudi kuona watoto wamejifunza nini. Kiugu akamchagua Bisharo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi. Bisharo akaandika amri zake za kunywesha ng'ombe, akabonyeza, na mashine ikaanza kuandika VUTA NDOO, MWAGA, VUTA NDOO, MWAGA, toka juu ya televisheni mpaka chini, ikaendelea, ikakataa kuacha. Wageni wakacheka. Hedimasta Mungania akaona anachekwa yeye. Akaruka, akang'oa waya ukutani, cheche ikatoka, televisheni ikawa nyeusi.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu akasema sisi watoto wa kuchunga hatuna akili ya mashine. Mbele ya wageni. Halafu akanifukuza."

Kulikuwa na wanunuzi wawili wa mbuzi wanakunywa chai. Niliwaambia wajimiminie. Nikafunga leso kiunoni, nikaenda.

Hedimasta Mungania alikuwa mtu mnene wa kutoka Meru, amekaa Isiolo miaka mingi, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Sikuwa na neno naye kabla ya siku ile. Alikuwa akipita kibandani kwangu na kusalimu vizuri.

"Salaam aleikum, mwalimu," nikasema.

"Habari, Mama Bisharo. Keti."

"Nitasimama. Nimekuja kwa ajili ya jina la mtoto."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mashine ile ni ya thamani. Mtoto ameiharibu mbele ya wageni. Lazima kuwe na adabu. Bisharo atafanya mtihani mwaka ujao, na mwaka mmoja si kitu.

"Mwaka mmoja ni kitu," nikasema. "Mwalimu, mpige viboko. Mwambie afagie shule mwezi mzima. Lakini jina liandike."

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu zima, mwalimu. Ndilo limenileta hapa."

Akafungua faili, akaanza kusoma. Mtu akikufungulia faili usoni amekwisha kukuambia toka.

Nikatoka. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikamkuta kijana mwembamba anafuta chaki mikononi. Akanisalimu, akajitambulisha kuwa ndiye Kiugu, kisha akasema anasikitika. Nikamwambia majuto yasubiri, kwanza anionyeshe mtoto wangu alikosa nini. Kama ni kosa, nilijue. Kuuliza si ujinga.

Akachuchumaa, akachukua kijiti, akachora mistari mitatu vumbini.

"Mashine haichoki, mama, na haifikirii. Unaipa amri moja baada ya nyingine. Mstari wa kwanza: vuta ndoo. Mstari wa pili: mwaga kwenye hori. Mstari wa tatu: rudi mstari wa kwanza. Basi inazunguka. Tunaita lupu. Badala ya kuandika 'vuta ndoo' mara mia, unaandika mara moja, kisha unaiambia irudie."

"Na itaacha lini?"

"Hapo ndipo Bisharo alikosea. Wenzake wote waliandika, rudia mara ishirini, kwa sababu niliwapa ng'ombe ishirini. Mashine inahesabu yenyewe: moja, mbili, tatu, ikifika ishirini inaacha. Bisharo hakuweka idadi. Nilimuuliza, akaniambia ng'ombe hawahesabiwi."

"Na hawahesabiwi," nikasema. "Wewe umeishi hapa muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja, na unawapa watoto wa Waborana ng'ombe wa kuhesabu. Kitu chenye roho hakihesabiwi. Ukihesabu mifugo yako unamwonyesha mauti pa kuanzia. Mimi nikiamka asubuhi najua kama mbuzi mmoja hayupo, namjua kwa rangi yake na mama yake, sihitaji kumpa namba."

Akaangalia mistari yake. Nikaona ni mtu wa kusikia, nikamnyang'anya kijiti.

"Sasa sikiliza. Kisimani Garbatulla watu wanasimama ndani ya kisima, huyu juu ya huyu, ndoo inapanda mkono kwa mkono, na wimbo unapanda nayo. Hakuna anayehesabu ndoo. Lakini pale juu, kando ya hori, yupo msimamizi wa zamu, tunamwita abba herega. Kila ndoo ikimwagwa anatazama. Je, yupo ng'ombe ambaye kichwa chake bado kiko chini? Vuta nyingine. Yupo bado? Vuta nyingine. Wote wameinua vichwa? Anasema basi, na wimbo unakatika hapo hapo. Leo zinaweza kuwa ndoo chache, kesho zikawa nyingi, kwa sababu kiu ya leo si kiu ya kesho."

Kiugu aliinua uso. "Mama, hiyo pia ni lupu. Ni aina nyingine. Haina idadi, inarudia mpaka jambo litimie. Nilikuwa niwafundishe muhula ujao." Kisha akapiga goti lake. "Ndiyo maana. Bisharo aliandika wavutaji wote. Ambaye alisahau kumwandika ni yule anayetazama hori."

"Hakumsahau," nikasema. "Kisima hakikosi mtu wa kutazama. Kwetu hakuna haja ya kumtaja, ni kama kutaja kwamba kisima kina shimo. Alidhani mashine inaye wake."

Akacheka kwa furaha, kijana yule, kama aliyeokota kitu njiani. Furaha ile ndiyo iliyonipandisha hasira tena.

"Unacheka," nikasema. "Mtoto wangu anaosha vikombe saa hizi, na wewe unacheka. Niambie kitu kimoja. Mashine imeharibika?"

Akatazama dirisha la ofisi. Akashusha sauti.

"Haikuharibika. Ipo kitufe kimoja cha kuisimamisha. Nilikuwa nanyoosha mkono nikibonyeze, hedimasta akang'oa waya. Ilikatika fyuzi tu. Nimeshabadilisha alipowasindikiza wageni, inafanya kazi vizuri."

"Na umemwambia?"

Akachora kitu vumbini, akakifuta.

"Mimi ni mwalimu mpya, mama. Ripoti yangu anaiandika yeye."

Sijui kama mnanielewa nikisema nilimchukia Kiugu wakati ule kuliko nilivyomchukia Mungania. Mungania alikuwa na hasira, na hasira naijua, ni jirani yangu. Huyu alikuwa na ukweli mfukoni, ameushika kwa mkono wote, anaogopa usianguke. Nikamtupia kijiti chake nikaenda zangu.

Njiani nikawaza. Sina ndugu ofisini. Mume wangu Godana yuko Garbatulla na ngamia, kumpata ni siku nne. Kusoma sijui. Nilichonacho ni miguu na mdomo. Na kama mashine isiyo na akili inaweza kurudia jambo bila kuchoka mpaka iambiwe basi, mimi mwenye akili nashindwa na nini?

Jumanne asubuhi nikamwachia Bisharo kibanda, nikakaa nje ya ofisi. Shule ile kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, inagongwa kwa chuma kila kipindi kikiisha. Ikigongwa, naingia.

"Salaam aleikum, mwalimu. Jina limeandikwa?"

"Mama, tulizungumza jana."

"Bado?"

"Bado."

Natoka, nakaa, nangoja rimu. Inagongwa, naingia. Salaam aleikum, mwalimu, jina limeandikwa? Bado. Natoka. Sikupiga kelele, sikutukana, sikuongeza neno. Mkiniuliza niliingia mara ngapi, sijui. Yangu haikuwa lupu ya mara ishirini.

Mchana alifunga mlango kwa ufunguo. Nikauliza dirishani. Akafunga dirisha, na jua la Isiolo mnalijua, akafungua mwenyewe kabla ya kipindi kuisha. Jumatano asubuhi akajaribu kutoka na kwenda kusimama katikati ya uwanja kuangalia gwaride la maskauti. Rimu ikagongwa, nikamfuata uwanjani. Watoto walikuwa wamekwisha kunizoea. Nikisema "jina limeandikwa," nao wanamalizia kimya kimya, "bado," midomo inacheza bila sauti. Mungania aliwaona. Shingo yake ikawa imeloa.

Kengele ya mwisho ya Jumatano ilipogongwa nikaingia, na kwa mara ya kwanza nikamkuta anatabasamu.

"Salaam aleikum, mwalimu. Jina limeandikwa?"

"Mama Bisharo, umenishinda." Akainua karatasi kubwa yenye mistari, imejaa maandishi ya wino wa buluu, akaipeperusha. "Nimeandika. Nenda nyumbani ukapumzike."

Nikamshukuru. Nilimwombea dua, mimi huyu, kwa mdomo wangu. Nikamwambia Mungu amrefushie maisha yeye na watoto wake. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko mengine yote.

Nilirudi kibandani kama msichana. Jua lilikuwa limeanza kupoa, wachuuzi wa miraa wanafunga, Bisharo anasugua sufuria kwa mchanga. Nikamwambia jina limeandikwa. Akaacha sufuria, akashika mdomo, akanikumbatia na masizi yake yote.

Kwa furaha nikamwambia na yale ya kisima, kwamba amri zake zilikosa mtu wa kutazama hori. Akasema anajua, amekwisha kuzirekebisha kwenye daftari. Akaniletea daftari anionyeshe, kana kwamba nitaona kitu.

"Mstari wa kwanza, vuta ndoo," akasoma akifuata kwa kidole. "Wa pili, mwaga. Wa tatu, uliza: wote wamekunywa? Wa nne, jibu likiwa hapana, rudi mstari wa kwanza. Wa tano, acha. Hapa kwa mstari wa tatu mashine inasimama, inangoja mtu aandike jibu."

"Vizuri."

"Lakini kuna shida, mama. Mwalimu Kiugu alituambia mashine haina macho. Ukiiandikia 'ndiyo, wamekunywa', inaamini. Inaacha kuvuta. Hata kama ng'ombe wanakufa kwa kiu pale pale mbele yake." Kisha akanitazama. "Mama, jina umeliona, au umeambiwa?"

Niliinua mkono nimpige. Wallahi, mkono ulifika juu. Kwa sababu mtoto alikuwa amegusa pale pale. Nilikuwa nimeona karatasi, wino, mistari. Ningeonyeshwa orodha ya magunia ya sukari ningemwombea dua vilevile. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Waliosema hivyo hawakuwahi kusimama mbele ya karatasi na macho mawili mazima wasijue ina nini. Na Mungania alijua. Alijua kwamba Hawo akionyeshwa karatasi atafurahi na kwenda nyumbani.

Mkono nikaushusha.

"Niandikie jina lako," nikamwambia. "Kubwa. Kama yeye anavyoandika."

Akang'oa ukurasa. Akaandika, na kila herufi akaniambia nitaijuaje. Ya kwanza ina matumbo mawili. Ya pili ni kijiti. Ya tatu ni njia inayopinda. Ya nne ni vijiti viwili na daraja. Ya tano ni paa la nyumba. Ya sita ina tumbo moja na mguu. Ya mwisho ni mdomo wa kisima.

"Utaanza jina la juu kabisa," akasema. "Angalia herufi ya kwanza. Si yenyewe? Shuka jina linalofuata. Ni yenyewe? Angalia ya pili. Ukikosea mahali popote, shuka. Fanya hivyo hivyo mpaka upate jina, au majina yaishe."

"Lazima tuseme na hilo la majina kuisha?"

"Lazima, mama. La sivyo utazunguka humo usitoke."

Tulikaa na ukurasa ule mpaka adhana ya magharibi. Nikachora herufi zile vumbini kwa kidole, moja moja, mimi mama wa watu.

Alhamisi saa tatu nilikuwa ofisini. Mungania alikuwepo, Kiugu alikuwepo anafuta mashine vumbi, na mtu wa tatu amekaa kwenye benchi na kofia mapajani. Huyo ni Tache, tarishi wa ofisi ya elimu, aliyekuja na baiskeli kuchukua majina. Tache namjua, ananywa chai kwangu. Karatasi ilikuwa mezani kando ya bahasha.

"Salaam aleikum."

"Mama Bisharo," akasema Mungania, na tabasamu likaondoka, "si tulimaliza?"

"Tulimaliza, mwalimu. Nimekuja kuliona jina tu. Nifurahi nalo."

"Kuliona?" Akamtazama Tache, kama kumwalika wacheke wote wawili. "Mama, wewe unajua kusoma?"

"Sijui. Wewe nipe."

Labda angekataa kama Tache hangekuwepo. Labda alidhani nitaishika kichwa chini miguu juu, wacheke, niende. Akaisukuma mezani. Nikatoa ukurasa wangu kwenye leso, nikaukunjua, nikauweka kando ya karatasi yake, nikaweka kidole kwenye jina la juu.

Si yenyewe. Nikashuka. Si yenyewe. Nikashuka. Jina moja lilianza na matumbo mawili, nikaangalia ya pili, nikakuta mdomo wa kisima mahali pa kijiti. Huyo ni mtoto wa mtu mwingine. Nikashuka. Sikuhesabu majina, watoto wa watu hawahesabiwi. Nilikwenda moja baada ya moja, na jasho linanidondoka kidevuni, mpaka kidole kikafika kwenye mstari ambao hauna wino. Na chini yake mwingine mtupu. Na mwingine. Nafasi ilikuwepo tele.

"Nimefika mwisho," nikasema. "Jina la Bisharo halipo."

"Mama, hujui kusoma, umekosea..."

"Tache," nikasema, "wewe unajua kusoma. Somea watu."

Tache hakutaka. Alizungusha kofia yake. Lakini alisimama, akainama juu ya karatasi, akapitisha kidole chake kama nilivyofanya mimi, taratibu, toka juu mpaka chini.

"Halipo, mwalimu," akasema.

Mungania akaanza. Nidhamu, mali ya shule, mashine ya wageni iliyoharibika, nani atawajibika. Sauti ilikuwa inapanda. Ndipo nyuma yangu nikasikia tiki ndogo, halafu mlio kama wa mbu. Nikageuka. Kiugu alikuwa ameiwasha mashine. Televisheni ilikuwa inang'aa.

"Haikuharibika, mwalimu," akasema. "Ilikuwa fyuzi. Fyuzi ilikatika waya ulipong'olewa. Nilitengeneza Jumatatu ile ile."

Mtasema nilimsamehe Kiugu hapo. Sikumsamehe. Siku mbili nilikaa juani kwa neno ambalo yeye angelisema Jumatatu na likaisha. Lakini alilisema, mbele ya mtu anayeiandika ripoti yake, na hilo nalo niliona.

Mungania aliangalia televisheni. Aliangalia bahasha. Alimwangalia Tache, na Tache akaangalia ukuta. Kisha akatoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaivuta karatasi, bila kunitazama.

"Nitaandika. Unaweza kwenda."

"Siendi," nikasema. "Andika, naangalia. Na andika kubwa."

Nikazunguka meza, nikasimama begani kwake na ukurasa wangu mkononi. Akaandika herufi ya kwanza. Nikailinganisha na yangu. Matumbo mawili.

"Bado," nikasema.

Akaandika kijiti. "Bado." Akaandika njia inayopinda, haraka, nikamwambia polepole, mwalimu, macho yangu ni mageni kwa kazi hii. Akaandika daraja. "Bado." Paa la nyumba. "Bado." Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Dirishani watoto walikuwa wamejaa, na safari hii walikuwa wanasema bado kwa sauti, kila herufi, na hakuna aliyewafukuza. Akaandika ile yenye tumbo na mguu. "Bado." Akachora mdomo wa kisima, mviringo, akaufunga.

Nikatazama yangu, nikatazama yake, toka mwanzo mpaka mwisho, kisha nikarudia tena.

"Basi," nikasema.

Jina la baba yake nilimwambia Kiugu alisimamie yeye, maana Godana sikuwa nimejifunza. Kisha nikangoja mpaka karatasi ikatiwa ndani ya bahasha na bahasha ikafungwa. Tache alipopanda baiskeli nikamfuata nyuma kwa miguu, vumbi lote lile, mpaka ofisi ya elimu, nikaona bahasha inapokelewa na kupigwa muhuri. Tache alinung'unika njia nzima kwamba mimi ni mama gani. Nikamwambia ni mama aliyeambiwa mengi.

Nilipofika kibandani Bisharo alikuwa mlangoni, kitambaa mkononi. Hakuniuliza kama hedimasta ameandika.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

Akalia, nikamwacha alie. Alipomaliza nikamwambia alete daftari na kalamu akae hapa karibu yangu. Mtihani wake ulikuwa bado miezi, chai ilikuwa inachemka, na wateja walikuwa wanangoja. Waache wangoje. Nikamwambia aniandikie Hawo, herufi moja moja, kubwa, kwa sababu nimechoka kuambiwa.